Hatifungani za vita: kilichowafanya watu wa kila lugha na dini wanunue ni nini hasa?

#1 Kitete_TBR

Wakuu, habari za jioni.

Kila linapokuja suala la Serikali kukopa kwa wananchi wa kawaida, hoja ni ileile: waelezeni watu kwa lugha yao, wawekeeni bango la kuvutia, watanunua. Mfano unaopendwa ni Marekani ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi iliyokuwa na wahamiaji wengi wasiojua Kiingereza na bado ikawauzia hatifungani (hati za kuikopesha Serikali) za Liberty.

Mimi nakataa. Mabango yalipamba tu. Kilichouza ni kiasi cha kuanzia na utaratibu wa kulipa kidogo kidogo.

Hatifungani ndogo kabisa ilikuwa dola 50, yaani mshahara wa majuma kadhaa kwa kibarua wa kiwandani. Kwa hiyo mabenki yakaruhusu mtu alipe dola moja kwa wiki hadi amalize. Asiyefikia hata hapo alitengenezewa ngazi ya chini zaidi: stempu ya senti 25. Unabandika 16 kwenye kadi, unakuwa na dola 4. Ukiwa Januari 1918 unaongeza senti 12, unapewa stempu kubwa ya akiba ya vita ambayo ingelipwa dola 5 tarehe 1 Januari 1923. Februari nyongeza ni senti 13, Machi 14, inapanda senti moja kila mwezi, kwa hiyo anayechelewa anaona kabisa anachopoteza. Ukijaza stempu kubwa 20 kwenye hati, una dola 100 siku ya kuiva. Mtoto wa shule alielewa hesabu hiyo bila mkalimani.

Sasa geukeni huku kwetu. Kiwango cha chini kwenye mnada wa hatifungani wa Benki Kuu (BoT) ni shilingi milioni moja, kisha unaongeza kwa laki moja moja. Bandikeni bango la Kinyamwezi pale stendi na la Kiha pale Mwanga. Nani atanunua?

#2 Mwandiga_Juu

Nimeshavuta kiti. Wataalamu wa fedha wa Tabora na Kigoma msipite kimya.

#3 Reli_ya_Kati

Mkuu Kitete, mpangilio wa miaka umeuchanganya, na kwa hoja yako mpangilio ndio kila kitu.

Mkopo wa kwanza wa Liberty ulifungwa Juni 1917. Stempu hazikuwepo, zilikuja mwishoni mwa mwaka huo. Hata hivyo Waziri wa Fedha McAdoo alitaka dola bilioni 2 na maombi yakapita bilioni 3. Wengi walioleta fedha nyingi walikuwa matajiri na taasisi, kwa sababu riba ya asilimia 3.5 ilikuwa haikatwi kodi ya mapato, na kodi ya vita kwa wenye kipato kikubwa ilikuwa inapanda.

Halafu tazama riba ilivyokwenda: wa pili asilimia 4, wa tatu 4.25, wa nne 4.25, na ule wa Victory wa 1919 ukafika 4.75. Kama bango, lugha au stempu ingetosha, Hazina isingekuwa inapandisha dau. Mkopeshaji ni mkopeshaji, awe Mwitaliano au Mpolandi.

#4 Binti_Urambo

Reli, riba kweli ilipanda, lakini usiruke idadi ya watu. Mkopo wa kwanza ulikuwa na wanunuzi kama milioni 4, wa nne ukapita milioni 20. Tofauti ya robo tatu ya asilimia haivuti watu milioni 16 ambao wengi wao hawajawahi kushika karatasi ya mkopo maishani. Mtu wa dola 50 anaongezewa kama senti 37 kwa mwaka.

Nami sisemi bango peke yake liliuza. Nasema mtu aliyeombwa na mtu wake ndiye aliyenunua. Hazina iliunda vitengo vya lugha za kigeni, na chini yake kamati kwa kila jamii: Wapolandi wana yao, Wacheki yao, Wayahudi, Wagiriki, Waitaliano. Kila kamati ilitumia magazeti ya lugha yake, mapadri na marabi wake, vyama vyake vya kuzikana na kusaidiana. Wakaanza kushindana nani ataandikisha zaidi. Chama cha kuzikana kina orodha ya wanachama, mhazini anayeaminika na siku ya kukutana. Serikali ingeajiri makarani wangapi kupata vitu hivyo?

Halafu kulikuwa na wasemaji wa dakika nne, watu kama 75,000 nchi nzima. Walisimama kwenye majumba ya sinema wakati mkanda unabadilishwa, wakasema dakika nne basi. Walipewa mwongozo wa mambo ya kusema lakini maneno ni yao. Mtaa wa Wayahudi alisimama Myahudi akasema Kiyidi, mtaa wa Waitaliano Mwitaliano. Huyo mtu kesho unakutana naye dukani.

#5 Manyema_Ujiji

Dada Binti Urambo umetuonyesha mlango wa mbele. Mlango wa nyuma ulikuwa vitisho.

Kuna bango la wakati ule lililouliza msomaji kama yeye ni Mmarekani asilimia mia, kisha likamtaka athibitishe kwa kununua. Kwa mhamiaji hilo halikuwa swali la fedha. Wenye asili ya Ujerumani walikuwa wanaonekana kama maadui wa ndani. Maeneo mengi ya mashambani kamati zilipanga kila kaya inunue kiasi gani kwa kuangalia ardhi na mali, na jina la aliyekataa likatangazwa. Nyumba na makanisa ya watu yalipakwa rangi ya njano, alama ya uoga na usaliti. Wamennonite, Wakristo ambao imani yao inakataza vita, walibanwa kuliko wote. Wapo walionunua ili waachwe salama, na wapo waliolipa kiasi kilekile kwa Msalaba Mwekundu ili dhamiri isiwasute.

Kwa hiyo ukihesabu wanunuzi milioni 20, toa kwanza walionunua usingizi.

#6 Binti_Urambo

Kaka Manyema, hilo lilitokea na ni aibu yao. Ila vitisho havielezi kila mahali. Kanada Novemba 1917 walitafuta dola milioni 150 wakapata karibu milioni 398, mwaka uleule ambao jimbo la Quebec lilikuwa linawaka moto kwa kupinga kuandikishwa jeshini. Riba ilikuwa 5.5. Mtu anaweza kukataa kumtoa mwanawe na bado akakopesha fedha zake.

#7 Reli_ya_Kati

Umeitaja 5.5 mwenyewe, dada. Nashukuru.

#8 Kibirizi_Mchana

Mnabishania vita vya kwanza tu, wakati somo lote liko vita vya pili, maana Hazina ya Marekani iliketi ikachambua makosa ya 1917 kimoja kimoja.

Kosa kubwa lilikuwa kwamba hatifungani za Liberty ziliuzika sokoni. Vita vilipoisha, riba za soko zikapanda, bei ikaanguka. Mwaka 1920 hatifungani ya 100 ilikuwa inauzwa chini ya 90. Mfanyabiashara mkubwa alisubiri siku ya kuiva. Kibarua aliyeugua au kuachishwa kazi aliuza kwa hasara, akabaki na kinyongo. Wakatokea na matapeli waliopita nyumba kwa nyumba wakibadilishana: nipe hatifungani yako, nikupe hisa za kampuni ya mafuta. Hisa zenyewe karatasi tupu. Walioumizwa zaidi ni wasiojua kusoma Kiingereza, yaani walewale walioshawishiwa kwa lugha zao wakati wa kununua na hawakuwa na wa kuwaeleza wakati wa kuuza.

Kwa hiyo hatifungani ya Series E, iliyoanza 1 Mei 1941, ilijengwa hivi: unalipa dola 18.75, baada ya miaka 10 unalipwa 25, ambayo ni sawa na asilimia 2.9 kwa mwaka. Imeandikwa jina lako, haiuziki kwa mtu mwingine, kwa hiyo haina bei ya sokoni ya kuanguka. Ukibanwa, baada ya siku 60 unairudisha kwa Serikali na unapata si chini ya ulichotoa. Kadiri unavyokaa nayo ndivyo unavyopata zaidi, na jedwali la kila nusu mwaka limechapwa kwenye hati yenyewe. Ikiungua au ikiibiwa, unapewa nyingine kwa sababu daftari lina jina lako.

Stempu zilibaki. Kitabu cha stempu za senti 25 kilijazwa na stempu 75, na 75 mara senti 25 ni 18.75 kamili, huongezi chochote dirishani.

Na mashine ya kweli ilikuwa makato ya mshahara. Mwajiri anakata asilimia 10 kila siku ya malipo, zikifika 18.75 hati inatoka. Hapo huhitaji bango la lugha yoyote.

#9 Kitete_TBR

Kibirizi umeniongezea nguvu. Kiasi kidogo, mara kwa mara, mahali fedha inapopita.

#10 Isevya_Hesabu

Taratibu, mkuu Kitete, maana mashine ya makato nayo ilihitaji mtu wa kuiwasha. Mfanyakazi alijaza fomu kwa hiari. Wasomi walipima hilo hasa: Dorwin Cartwright alichapisha mwaka 1949 uchambuzi wa kampeni zile akaonyesha kwamba matangazo yalimfikia karibu kila mtu na watu wakazijua hatifungani vizuri, ila kujua hakukutosha. Walioombwa ana kwa ana, na kuambiwa wanunue kiasi gani na wapi, walinunua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale ambao hakuna aliyewaomba. Kwa hiyo Binti Urambo ana hoja nzito kuliko mnavyompa.

Ila kuna tukio linalompinga Cartwright: mwimbaji Kate Smith. Tarehe 21 Septemba 1943 alikaa redioni kwa vipindi kwa saa 18 na zikaahidiwa karibu dola milioni 39. Hakumwona mnunuzi yeyote uso kwa uso. Mwanasosholojia Robert Merton aliwahoji wasikilizaji, na wengi walisema walimwona anajitesa nao wakajiona wanadaiwa.

#11 Reli_ya_Kati

Milioni 39 ni nyingi ukiisikia redioni. Weka kando ya jumla ya kampeni nane zilizoishia mwishoni mwa 1945, karibu dola bilioni 157. Na sehemu kubwa ya bilioni hizo ilitoka kwa makampuni ya bima, mabenki na mashirika. Mtu mdogo alitafutwa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo bado hamjaigusa.

Viwanda vimegeuzwa kutengeneza vifaru. Watu wana kazi na mishahara, ila magari mapya hakuna, friji hakuna, nailoni hakuna. Fedha nyingi zikikimbiza bidhaa chache, bei zinaruka. Serikali ina njia tatu: kutoza kodi, kulazimisha akiba kama mchumi Keynes alivyowashauri Waingereza mwaka 1940, au kuomba akiba ya hiari. Hatifungani ya 18.75 ilikuwa ya kunyonya fedha mtaani ili mkate usipande.

#12 Isevya_Hesabu

Hapo pana shida, Reli. Kama lengo lilikuwa kunyonya fedha tu, akiba ya lazima ingefanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi, na wachumi walimwambia hivyo Waziri wa Fedha Morgenthau. Alikataa. Yeye na mshauri wake Peter Odegard, mtaalamu wa siasa, walitaka hatifungani ziuze vita kwa wananchi, si vita viuze hatifungani. Ndiyo maana waliweka kitengo cha makundi yenye asili ya kigeni, na kitengo cha Wamarekani weusi chini ya William Pickens, aliyetoka NAACP, chama cha kutetea haki za weusi.

Pickens alikuwa na kazi ngumu kuliko wote. Anawaendea watu ambao jeshi lenyewe linawatenga, damu ya Msalaba Mwekundu inawekwa mbali kwa rangi, na anawaambia wakopeshe. Hakwenda na bango la bendera. Alipita kwenye makanisa ya watu weusi, kampuni zao za bima, vyuo vyao na magazeti yao, na hoja ilikuwa ya akiba na haki kwa pamoja: hii ni mali yako yenye jina lako, na mwenye hisa katika nchi ana sauti ya kudai. Gazeti la Pittsburgh Courier mwaka 1942 lilikuwa tayari linapigania ushindi wa pande mbili, nje dhidi ya maadui na nyumbani dhidi ya ubaguzi.

#13 Manyema_Ujiji

Katika tofauti zote mlizotaja, mmeiacha dini. Kwa mji kama Ujiji hilo ndilo swali la kwanza, si la mwisho. Ukimwambia mzee wa msikitini asilimia 4.25, umeshamfungia mlango mwenyewe.

Jambo hili si geni. Misri ilipoanzisha Sanduku la Akiba la Posta mwaka 1901, Waislamu wengi waliweka fedha wakakataa kuchukua riba, hadi Serikali ikalazimika kuwaendea maulamaa na kubadili utaratibu. India chini ya Waingereza walitoa mkopo wa vita mwaka 1917 wakauza na vyeti vya posta vya miaka mitano kuanzia rupia 10, mabango yakachapwa kwa lugha nyingi za kule. Bango la Kiurdu lilitafsiri kila kitu isipokuwa lile ambalo Mwislamu alitaka kujua.

Cheti kinachouzwa chini ya thamani kisha kulipwa zaidi hakikwepi suala hilo. Masheikh wengi wataona ni riba iliyovaa kanzu. Sukuk, hati ya uwekezaji ya Kiislamu, inajengwa tofauti: kuna mali halisi, mwekezaji anamiliki sehemu ya manufaa yake, anapokea kodi ya pango au faida. Zanzibar walizindua sukuk ya Serikali mwaka 2025. Ila kwa vita ni vigumu. Barabara ina mapato, bandari ina mapato. Risasi ikishapigwa, mali ya kuegemeza sukuk iko wapi?

#14 Gungu_Station

Swali zito hilo, mzee wangu. Serikali inaweza kuegemeza majengo au ardhi iliyo nayo tayari na fedha ikaenda inakotaka. Je, maulamaa watakubali? Nawaachia wenye elimu.

#15 Manyema_Ujiji

Wengine watakubali ikiwa vita ni vya kujilinda. Wengine watauliza mali hiyo imeuzwa kweli au kwa maandishi tu. Uzi huu hautamaliza hilo.

#16 Ngome_ya_Isike

Mwangaluka wote. Mmezunguka Chicago na Bombay, mkopo wa vita uliofanyika Tabora hapahapa hamjausema.

Koloni la Wajerumani lilipozingirwa kuanzia Agosti 1914, noti na sarafu hazikuingia tena. Kuanzia 1915 benki ya Deutsch-Ostafrikanische ikatoa noti za muda, zikachapwa Dar es Salaam, na baadaye Tabora makao ya Serikali yalipohamia huku. Askari, wapagazi na wauza chakula wakalipwa karatasi hizo. Noti ya muda ni ahadi ya kulipa baadaye. Mpagazi aliyebeba mzigo akapewa karatasi ameikopesha Serikali, hata kama hakuna aliyemwuliza.

Na kwa sababu watu waliamini chuma kuliko karatasi, karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916: heller 5 na 20 za shaba, pamoja na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kigoma ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji Julai 1916, Tabora 19 Septemba. Serikali iliyoahidi ikaondoka. Mwaka 1917, wakiwa porini kusini, walikuwa bado wanagonga noti kwa mihuri ya mpira.

#17 Isevya_Hesabu

Mkuu Ngome, ongeza kwamba ile ya dhahabu haikuwa dhahabu tupu. Uzito gramu 7.168, dhahabu robo tatu, yaani kama gramu 5.4. Zilitoka karibu 16,000 tu, kwa hiyo mpagazi hakuiona. Aliyebeba mzigo alipata karatasi na heller, na huo ndio mgawanyo wa mkopo wa lazima: chuma kwa wachache, ahadi kwa wengi.

Nabisha kidogo kuiita mkopo, hata hivyo. Mkopo una tarehe ya kuiva. Ile ilikuwa kodi iliyochelewa kutambuliwa.

#18 Ngome_ya_Isike

Huko Ujerumani kwenyewe wananchi walipewa tarehe na riba ya asilimia 5, awamu tisa, jumla karibu mark bilioni 98. Mfumuko wa 1923 ukaja, aliyekopesha bei ya nyumba akarudishiwa fedha isiyonunua mkate. Tarehe ya kuiva ilimsaidia nini?

#19 Mwandiga_Juu

Austria-Hungaria ndio waliotafsiri kuliko wote, na ndio mfano unaomuunga mkono Kitete kwa upande mbaya. Mikopo minane upande wa Austria, mchoro mmoja wa askari na maandishi ya Kijerumani, Kicheki, Kipolandi, Kiukraina na kadhalika. Benki za Kicheki zilibanwa zinunue. Mwaka 1918 himaya hiyo ikavunjika, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 haukuzibebesha nchi mpya mzigo wa hatifungani hizo za vita. Hata aliyekuwa nazo ndani ya Austria ndogo iliyobaki, fedha yake ikayeyuka. Mcheki aliyejikunyata asinunue alikuwa amepiga hesabu ambayo bango halikuwa na jibu lake: nani atalipa kama wenye nchi wakibadilika?

#20 Kibirizi_Mchana

Hata wasiovunjika walikata. Uingereza ilitoa War Loan ya asilimia 5 mwaka 1917, mwaka 1932 Waziri wa Fedha Chamberlain akaigeuza kuwa 3.5, na mtaji wenyewe ukalipwa 9 Machi 2015. Marekani iliahidi dhahabu kwenye hatifungani za Liberty, mwaka 1933 bunge likafuta kipengele hicho. Kesi ya Perry, mwenye hatifungani mmoja, ikafika Mahakama ya Juu 1935, majaji wakasema Serikali ilikosea kuvunja ahadi, lakini mdai hakuthibitisha hasara, hakulipwa nyongeza. Urusi ya Kisovieti mwaka 1957 ilisitisha malipo ya hatifungani za wafanyakazi kwa miaka 20.

#21 Reli_ya_Kati

Na kuna waliodanganya kwamba wameuza. Novemba 1914 Uingereza ilitaka pauni milioni 350 kwa riba ya 3.5. Umma ulileta milioni 91 na kidogo, chini ya theluthi. Benki Kuu yao ikanunua zilizobaki kwa majina ya maofisa wake wawili, ikazificha kwenye vitabu, magazeti yakaandika mkopo umejaa. Watafiti wa benki hiyohiyo ndio waliofichua mwaka 2017. Ndipo mwaka 1916 wakashuka kwa mtu mdogo: cheti cha shilingi 15 na peni 6, baada ya miaka mitano pauni nzima (shilingi 20). Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 5. Riba, wakuu.

#22 Kitete_TBR

Na kiasi kidogo cha kuanzia, mkuu Reli. Umeandika mwenyewe 15 na peni 6.

#23 Gungu_Station

Ujerumani ya Hitler haikusumbuka kabisa na umma. Watu waliweka akiba benki maana dukani hakuna cha kununua, na Serikali ikazichota kupitia benki kimyakimya. Waliogopa kampeni ya wazi ingewakumbusha wazee hasara ya 1923, au ikishindwa ionekane. Anayewaomba wananchi hadharani anakubali kupimwa.

#24 Binti_Urambo

Hiyo ndiyo tofauti na sisi 1978. Vita vya Kagera watu hawakuuziwa hatifungani. Walitoa ng'ombe, nafaka na fedha, magari ya watu na mashirika yakachukuliwa kubeba askari. Mchango hauna kuiva, hauna riba, kwa hiyo hauna swali la dini wala la nani atalipa. Na aliyeomba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu anayejulikana.

#25 Isevya_Hesabu

Japani walitumia mfumo unaofanana na wa nyumba kumi kuuza hatifungani zenyewe. Vikundi vya majirani, kaya kama kumi, vilipangiwa kiasi na majirani wakagawana. Nani atakataa mbele ya anayechota naye maji kisima kimoja? Manyema atasema vitisho, Binti Urambo atasema kuombwa na mtu wako. Mpaka kati ya hayo mawili mimi siuoni.

#26 Binti_Urambo

Mpaka upo: je, anayekataa jina lake linaandikwa?

#27 Kibirizi_Mchana

Turudi kwenye utekelezaji. Wapo watakaosema simu imemaliza yote. Kenya walijaribu M-Akiba mwaka 2017: kuanzia shilingi 3,000 za Kenya, riba asilimia 10 isiyokatwa kodi, unanunua kwa simu. Majaribio ya milioni 150 yaliisha upesi. Ilipofuata ya bilioni moja, ikapata kama milioni 247. Waliojisajili walikuwa wengi kuliko walionunua. Kiasi kidogo kilikuwepo, riba ilikuwepo, njia rahisi ilikuwepo. Kitete na Reli, elezeni.

Ukraine nao walianza 1 Machi 2022, hati ya mwaka mmoja, riba 11, kila moja hryvnia 1,000, mnada wa kwanza ukaleta bilioni 8.1. Baadaye raia akaweza kununua kupitia Diia, programu ya simu ya Serikali, na hati zikapewa majina ya miji iliyotekwa. Adui yuko mlangoni, hakuna wa kuelezwa kwa nini.

#28 Kitete_TBR

M-Akiba haikukwama kwenye kiasi, ilikwama kwenye wakati wa kulipa. Makato ya mshahara yalifaulu Marekani kwa sababu mshahara ulikuja kila wiki na kukatwa kabla haujashikwa. Hapa kwetu mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge anauza kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu mmoja; fedha inaingia kwa mkupuo, pengine kwa kuchelewa, na deni la pembejeo linakatwa kwanza. Kumwambia elfu tano kila wiki ni kumtania. Yeye anahitaji dirisha moja, siku ya malipo, palepale kwenye chama, baada ya deni na kabla ya duka la bati.

#29 Gungu_Station

Na mvuvi wa dagaa wa pale Kibirizi ni kinyume chake. Anafanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, mitumbwi inapaki. Fedha inakuja siku kama ishirini, inakauka kama kumi. Tena inagawanywa: mwenye chombo, mafuta, kisha wavuvi. Stempu za kila siku zingemfaa, kwa sharti aweze kuzirudisha wiki ya mbalamwezi bila kupoteza. Zile siku 60 za Series E zingemuua.

#30 Reli_ya_Kati

Ukimruhusu arudishe kila wiki hujamkopa chochote, umemfungulia kibubu. Hazina haiwezi kununua hata tairi kwa fedha inayodaiwa Ijumaa.

#31 Gungu_Station

Wavuvi elfu hawatoi wote siku moja, mkuu. Chama kinaweza kushikilia akiba ya wanaotoka.

#32 Reli_ya_Kati

Wiki ya mbalamwezi wanatoka wote siku moja. Mwezi ni mmoja ziwa zima.

#33 Mama_Kigoma_Sokoni

Mwakeye jamani. Nimewasoma mpaka hapa, hakuna aliyegusa swali ambalo wanawake wa sokoni huuliza kabla ya riba: nikifa anachukua nani?

Series E iliruhusu namna tatu za kuandika jina: mmiliki peke yake, wamiliki wawili ambao yeyote anaweza kwenda kuchukua fedha, au mmiliki na mrithi aliyetajwa. Mume yuko vitani, mke ana hati mkononi yenye majina yote mawili, anakwenda benki. Kwetu hatifungani iko kwenye akaunti ya CDS (daftari la kielektroniki la dhamana), mwenyewe akifariki familia inaanza mahakamani kutafuta msimamizi wa mirathi, na kwa nyumba yenye wake wawili au watoto wa nje hapo ndipo vita vyenyewe vinapoanza.

#34 Manyema_Ujiji

Dada, hapo utagongana na mirathi ya Kiislamu. Kumtaja mtu mmoja achukue zote kunawanyima wenye mafungu yao. Njia ya majina mawili nayo ina utata kama fedha ilitoka kwa mmoja.

#35 Mama_Kigoma_Sokoni

Basi ziwe fomu mbili, ya mrithi mmoja na ya mafungu, mnunuzi achague anaposaini. Karatasi ya pili inagharimu nini?

#36 Isevya_Hesabu

Inagharimu karani anayejua kuijaza. Mafungu yakikosewa kwenye fomu, benki italipa kwa fomu au kwa sheria?